Stika ya gari imegoma kutoka? Fanya hivi kabla hujashika wembe

Gari nyingi zilizotumika kutoka Japani hufika na stika zake: ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele, na mara nyingi ile ya duara ya maegesho kwenye kioo cha nyuma. Japani iliacha kutoa hiyo ya maegesho Aprili 2025, lakini gari za zamani bado zinakuja nayo. Ukijumlisha bima za miaka iliyopita na matangazo ya biashara, gari linageuka ubao wa matangazo.

Kuzitoa si kazi ngumu. Shida ni haraka. Ukikwangua vibaya, stika ya buku inakuachia gharama ya kupiga rangi mlango mzima.

Anza na joto

Jua hukausha stika, ndiyo maana ya zamani hukatikakatika ukiivuta. Joto hulainisha gundi.

1. Osha sehemu hiyo kwanza. Mchanga ukibaki, utakwaruza rangi.
2. Pasha kwa draya ya nywele dakika moja au mbili, huku ukiisogezasogeza. Huna draya? Bandika kitambaa chenye maji ya moto kwa dakika tano. Maji yanayochemka usimwagie kioo, kinaweza kupasuka.
3. Inua kona kwa ukucha au kadi ya benki iliyokwisha muda, kisha vuta taratibu. Ikigoma, pasha tena.

Gundi iliyobaki

Paka mafuta ya kupikia, acha dakika 10 hadi 15, halafu futa kwa kitambaa laini. Bado inanata? Tumia spiriti au mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, hasa kama gari lilishapigwa rangi upya gereji. Ukimaliza, osha kwa sabuni, kausha, kisha paka waksi.

Hapa kuwa makini

- Kioo cha nyuma: ile mistari myembamba ndiyo inayopasha kioo kuondoa ukungu, na iko upande wa ndani. Wembe ukikata mmoja, huo haufanyi kazi tena.
- Kioo chenye tinti: wembe unachana tinti. Tumia joto na kadi tu.
- Taa na plastiki: thina na asetoni huzifanya zififie au zipasuke nyufa ndogondogo. Kwenye rangi pia usizitumie.
- Petroli: achana nayo kabisa, mvuke wake unashika moto chap. Hata spiriti na mafuta ya taa yatumie nje, mbali na moto na sigara.

Wembe unafaa kwenye kioo kitupu tu, kisicho na tinti wala mistari. Lowesha kwa maji ya sabuni na uulaze.

Stika imetoka, kivuli kimebaki?

Hiyo si gundi. Rangi iliyokuwa chini ya stika haikupigwa na jua, ya pembeni imepauka. Polishi hupunguza tofauti, ila kama stika ilikaa miaka mingi, huenda isiishe yote.

Unauza gari lenye jina na namba ya simu ya biashara yako? Toa stika kabla ya kukabidhi funguo. Dereva mpya akikosea barabarani, simu za lawama zitakuja kwako.