Kuasili kwa Mila na Sheria ya Watoto Kaskazini mwa Kanada

Muda mrefu kabla mahakama hazijafika Northwest Territories, eneo kubwa la kaskazini mwa Kanada, Wainuit na Wadene walikuwa na utaratibu wao wa kuasili watoto. Mtoto, mara nyingi akiwa bado mchanga, alikabidhiwa kwa bibi na babu, kwa shangazi au kwa ndugu wengine waliokosa mtoto. Hapakuwa na siri. Mtoto alikua akiwajua waliomzaa na waliomlea, na jamaa wote walijua alikotoka. Sheria ya serikali ndiyo iliyochelewa kuutambua utaratibu huo.

Mabadiliko yalianzia mahakamani. Jack Sissons, aliyeteuliwa mwaka 1955 kuwa jaji wa kwanza wa mahakama ya eneo hilo mjini Yellowknife, hakungoja watu wamfuate. Alipanda ndege na kusikiliza mashauri katika vijiji vya mbali. Mwaka 1961, katika shauri linalojulikana kwa jina la Katie, aliamua kwamba kuasili kwa mila kuna nguvu ya kisheria na kwamba sheria ya ustawi wa watoto haikukufuta. Mrithi wake, William Morrow, alishikilia msimamo huohuo, na mwaka 1972 mahakama ya rufaa ikamuunga mkono katika shauri ambalo wazazi wa kuzaa walitaka kurudishiwa mtoto waliyemtoa. Jina la shauri hilo lina namba ya mtoto inayoanza na herufi E, kwa maana ya East, yaani mashariki. Ni namba za vitambulisho ambavyo serikali iliwagawia Wainuit kuanzia miaka ya 1940 ili kuwatambua. Watu waliosajiliwa kwa vitambulisho hivyo ndio hao ambao mila yao ilikuwa sasa ikikubaliwa kuwa sheria.

Hata hivyo, ili kupata karatasi iliyokubalika shuleni, hospitalini au ofisi ya vizazi, familia ililazimika kwenda kwa jaji. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1995 iliondoa mzigo huo. Makamishna wa kuasili waliteuliwa miongoni mwa watu wanaoijua mila ya mahali. Wazazi wanamweleza kamishna jinsi mtoto alivyotolewa na kupokewa. Akiridhika anaandika hati, hati inawekwa katika Mahakama Kuu, na tangu hapo inahesabiwa kama amri ya mahakama. Huu ndio urekebishaji bora kuliko yote, kwa sababu haukumtengenezea mtu familia mpya. Ulikiri ile iliyokuwepo.

Sheria nne zilizopitishwa mwaka 1997 na kuanza kutumika mwaka uliofuata zilipanga upya mambo mengine: ndoa na mali ya wanandoa, malezi, kuasili kwa njia ya kawaida, na ulinzi wa watoto. Tofauti kati ya mtoto wa ndoa na wa nje ya ndoa ilifutwa. Nunavut ilipoundwa tarehe 1 Aprili 1999 ilizirithi sheria hizo.

Ulinzi wa watoto ndio uliobaki kidonda. Kwa miongo mingi watoto wa wenyeji walikuwa wamechukuliwa na kupelekwa shule za bweni au kwa familia za mbali, kwa hiyo ofisa wa ustawi wa jamii aliogopwa. Sheria ya 1997 iliruhusu jamii kuunda kamati zao na kuandaa mipango ya malezi pamoja na wazazi, lakini utekelezaji ulilegea. Mkaguzi Mkuu wa Kanada alikosoa huduma hizo mwaka 2014, na aliporudi mwaka 2018 alikuta baadhi zimezorota zaidi.

Sheria ya Kanada iliyoanza kutumika Januari 2020 ilitamka kwamba wenyeji wana haki ya kujitungia sheria za watoto na familia. Wainuvialuit, Wainuit wa magharibi mwa Aktiki ya Kanada, walipitisha yao mwaka 2021. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa kauli moja ya majaji wake, iliamua kwamba sheria hiyo ya Kanada ni halali.