Kitulizamrama, Wala Si Kifyonza Mshtuko

Katika kitabu cha mafunzo ya ufundi wa magari nilicholetewa hivi karibuni, nimekuta kile chombo ambacho mafundi wetu hukiita shokapu, na wengine shokomzoba, kimepewa jina la "kifyonza mshtuko", tena kwa herufi nzito, kana kwamba shauri limekwisha na wasemaji wa lugha hawana haki tena ya kuuliza. Mimi nauliza, na nauliza kwa uchungu, maana istilahi mbovu ya ufundi haiishii kitabuni, bali huingia gerejini na sokoni, ikamtoa mtu fedha yake kwa kitu kisichomfaa.

Tuanze na kitenzi. Kufyonza ni kuvuta kimiminika hata kikaingia ndani na kubaki ndani: mbu hufyonza damu, nyuki hufyonza utamu wa maua. Chombo hiki hakifyonzi kitu. Ndani ya bomba lake mna mafuta, na ndani ya mafuta mna pistoni yenye matundu membamba na vali. Gari lipandapo na lishukapo, fimbo huisukuma na kuivuta pistoni ile, mafuta yakalazimika kupenya matunduni kwa taabu, na taabu hiyo ndiyo igeuzayo nguvu ya mwendo kuwa joto, likapotelea hewani. Pigo la shimo hupokewa na tairi na springi. Walakini springi ikishapokea pigo hurudi, ikapitiliza, ikarudi tena, na gari likabaki linanesanesa ilhali shimo limekwisha kuachwa nyuma. Kazi ya chombo tukijadilicho ni kuikomesha nesanesa hiyo. Wafaransa hukiita amortisseur, yaani kinachofifisha, na wahandisi wa Uingereza aghalabu huliacha jina la sokoni, shock absorber, wakatumia neno lenye maana ya kutuliza. Kamati zetu za istilahi ziliyaacha hayo yote, zikachukua jina lililokosea katika lugha ya wenyewe, zikalifasiri neno kwa neno pamoja na kosa lake.

Jina nilitetealo ni kitulizamrama. Mrama ni neno la wanamaji wa pwani yetu, nalo ni kule kuyumba kwa chombo kilichopigwa na mawimbi, kikainamia upande huu na upande huu. Na kwa kuwa chombo kiendacho mrama hakiko katika hukumu ya nahodha, neno likapanda nchi kavu, hata leo tukasema kuwa mambo yamekwenda mrama. Mpinzani mmoja, ambaye hupenda kuketi katika kila kamati, ameandika kwamba neno hilo linanuka maji ya chumvi na halifai barabarani. Je, usukani ulitoka wapi? Usukani ni wa jahazi kabla haujawa wa gari, na asili yake ni sukkan ya Waarabu, maana yake ubao uongozao chombo majini. Rubani naye alikuwa mjuzi wa miamba na mikondo aliyeingiza meli bandarini, kabla hatujampandisha katika ndege. Wala hapana abiria aliyekataa kusafiri kwa kuwa rubani wake ana jina la baharini. Mpinzani wa pili adai kwamba gari hupanda na kushuka, haliyumbi. Na apande basi lililochoka vyombo hivi, lipite kwenye kona kwa kasi, kisha aje tuzungumze. Niliwapelekea wahusika barua yenye hoja zote hizi, na jibu sijaletewa.

Madhara ya jina baya yameonekana wazi zaidi tangu yalipoanza kuingia magari ya umeme, hasa Nissan Leaf zitokazo Japani. Mtu aliyefundishwa kwamba chombo hiki "hufyonza mshtuko" huamini kwamba ndicho kibebacho uzito, akasikia kuwa betri ya Leaf ya kwanza ina uzito wa kilo 300 hivi, akaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au ya barabara ya Kirinyaga kutafuta kilicho kinene na kigumu kupita vyote. Uzito hubebwa na springi! Kitulizamrama hulinganishwa na springi na uzito wa gari lile lile, na hata Leaf kwa Leaf zahitilafiana: toleo lililorekebishwa huko Japani mwishoni mwa 2012 lilipunguzwa kilo 80, na lile la 2019 lenye betri ya kWh 62 likawa zito zaidi. Tena mbele ya gari hilo springi imezunguka chombo chenyewe, na nyuma springi iko mbali nacho. Hivyo muuzaji akikupa cha mbele pamoja na springi yake, kisha cha nyuma bila springi, hakukuibia.

Anunuaye kilichotumika na atazame namba ya kipuri bombani na msimbo wa chesisi ya gari kilikotolewa, atofautishe kulia na kushoto kwa vile vya mbele, akatae chenye mafuta yanayovuja au fimbo yenye kutu, akisukume na kukivuta asikie ukinzani usiokatika, na anunue viwili viwili kwa ekseli moja.

Shokapu na shokomzoba sina ugomvi nazo, kwa kuwa ni maneno ya kuazima yasiyojidai kueleza kazi ya kitu. Ugomvi wangu ni na neno la Kiswahili safi lisemalo uongo, nalo lina muhuri wa wakubwa. Nawasihi wahariri wa kitabu kile, katika chapa ijayo, walifute "kifyonza mshtuko" katika kila ukurasa, na mahali pake waandike kitulizamrama, wingi wake vitulizamrama.