Kutu ya Land Rover: Gari la Shamba na Mafundi Wanaolifufua

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ikiwa na bodi ya alumini iliyofungwa juu ya chasisi ya chuma. Metali hizo mbili ndizo zilizoamua gari hilo lingeoza wapi na lingesalimika wapi. Ndizo pia zilizomwezesha mtu mwenye banda nyuma ya nyumba, jeki mbili, seti ya spana na mashine ya kuchomelea kulifufua gari ambalo mwingine angeliuza kwa kilo. Magari mengi ya rika lake yaliyoundwa kwa bati la chuma yalikwisha kwenye majaa ya vyuma chakavu. Land Rover za zamani zimebaki kwa wingi, na ufufuaji wake umekuwa ufundi wenye desturi na mabishano yake.

Chanzo cha yote ni uhaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iligawa chuma kwa kipimo, na kampuni zilizouza bidhaa nje ndizo zilizopendelewa. Rover, kampuni iliyozoea kuunda magari ya watu wenye nafasi, ilikuwa Solihull, karibu na Birmingham, katika kiwanda kilichotengeneza injini za ndege wakati wa vita. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa akitumia Jeep kuukuu ya jeshi kwenye shamba lake katika kisiwa cha Anglesey. Yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni, waliona kwamba gari la aina hiyo, likiundwa kwa ajili ya wakulima, lingeuzika nje na kuivusha kampuni hadi hali itengemae. Lilikusudiwa kuwa la muda mfupi. Mtindo uliotokana nalo uliendelea kuundwa hadi tarehe 29 Januari 2016, na jumla yake ikapita milioni 2.

Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu na alumini ilipatikana, bodi ilitengenezwa kwa Birmabright, aloi ya alumini na magnesi. Kampuni haikuwa na fedha za mashine kubwa za kukandamiza mabati, kwa hiyo paneli zikawa bapa: zilikatwa, zikapindwa kwa zana za kawaida, zikafungwa kwa bolti na ribiti. Chasisi nayo ilibuniwa kwa kubana matumizi. Badala ya kununua mihimili mizito, kiwanda kilikata vipande virefu vya bati la chuma na kuchomelea vinne pamoja ili kupata boksi refu lenye uwazi ndani. Umbali kati ya ekseli mbili ulikuwa inchi 80, sawa na wa Jeep, na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1,595 ilichukuliwa kutoka gari la kifahari la kampuni hiyo hiyo.

Magari ya majaribio ya mwanzo yalikuwa na chasisi zilizozamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Magari ya kuuza yalipoanza kutoka, chasisi zilipakwa rangi tu. Hakuna uamuzi mwingine wa Solihull uliowaachia mafundi wa baadaye kazi kubwa kuliko huo, kwa sababu rangi hulinda upande inapofika, na ndani ya boksi refu la chuma haikufika vizuri.

Kutu ya Land Rover huanzia mahali pasipoonekana. Magurudumu hurusha tope, tope huingia kwenye chasisi kupitia matundu yaliyowekwa ili maji yatoke, kisha hukauka na kuziba matundu yale yale. Mvua inayofuata huloweka tope hilo, na chuma hukaa na unyevu kwa wiki nzima hata jua likiwaka nje. Huko Uingereza huongezeka chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu. Upande wa nje unaweza kuonekana mzima, una rangi na lebo ya ukaguzi, ilhali bati limebaki jembamba kama karatasi. Sehemu za kwanza kuoza hujulikana na kila fundi wa magari haya: mhimili wa mwisho wa nyuma ambako tela hufungwa, mikono inayotoka ubavuni kushikilia bodi, na vishikio vya springi. Juu ya chasisi, adui hukaa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva. Sakafu ya miguu na nguzo za milango zimeshikana na ukuta huo, na maji yanayovuja kutoka kwenye kioo cha mbele hutuama hapo.

Alumini yenyewe haisalimiki kabisa. Inapogusana na chuma huku maji ya chumvi yakiwa katikati, metali hizo hufanya kazi ya betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Huvimba na kugeuka unga mweupe chini ya rangi, hasa kwenye ukingo wa milango, ambayo ina fremu ya chuma iliyovikwa ngozi ya alumini. Fundi makini huweka kizuizi kati ya metali hizo, ama rangi yenye zinki ama ukanda usiopitisha maji, kabla ya kufunga bolti hata moja.

Kwa miaka 20 hivi ya kwanza hakuna aliyewaza kuyafufua magari haya. Land Rover ilikuwa chombo cha kazi. Mkulima aliyeona chasisi imetoboka alichomelea kiraka, mwaka uliofuata kiraka juu ya kiraka, hadi uzito wa viraka ukazidi wa chuma cha asili. Mwaka 1960 Uingereza ilianzisha ukaguzi wa lazima wa magari yaliyofikisha miaka 10, na baadaye umri huo ukashushwa hadi miaka 3. Kadiri wakaguzi walivyozidi kutazama kutu kwenye sehemu zinazobeba mzigo, ndivyo mwenye gari alivyolazimika kuchagua kati ya kulitupa na kulitengeneza kwa dhati. Wengi walitupa. Wachache walianza kuona thamani: mwaka 1968 Brian Bashall alianza kukusanya Land Rover za kipekee huko Surrey, na mkusanyiko wake, Dunsfold Collection, umehifadhi magari ambayo pengine yangekatwakatwa. Jeshi nalo lilikuwa likiuza magari yake yaliyostaafu kwa mnada, hasa Ruddington karibu na Nottingham. Vijana wasio na fedha nyingi walipata humo magari yaliyochoka, na kwayo wakajifunza ufundi nyumbani.

Mambo mawili yaliwasaidia. La kwanza ni kwamba gari lilifungwa kwa bolti. Madigadi, milango, boneti, paa na hata ukuta wa mbele hutoka kwa spana, bila kukata, na mtu mmoja akisaidiwa na rafiki anaweza kuifikia chasisi tupu katika siku chache. La pili ni kwamba muundo ulibadilika polepole. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958 na la tatu mwaka 1971, na vipuri vingi vya moja viliingia kwenye jingine. Wafanyabiashara wadogo wa Uingereza walianza kutengeneza upya vipuri vilivyoadimika, kisha chasisi nzima. Chasisi hizo mpya huzamishwa kwenye zinki ya nyuzi joto 450 hivi, nayo hufunika ndani na nje ya boksi. Kinga iliyoachwa Solihull mwaka 1948 ilirudi kupitia karakana ndogo, na gari lililofufuliwa kwa namna hiyo hustahimili kuliko lilivyotoka kiwandani.

Kazi yenyewe huanza kwa nyundo. Fundi hulala chini ya gari na kugonga chasisi hatua kwa hatua akisikiliza. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa mlio mfu, na mara nyingine ncha ya nyundo hupenya. Baada ya hapo huja uvunjaji, na hapa ndipo magari mengi hufia: si kwa ugumu, bali kwa sababu aliyefungua hakupiga picha, hakuweka alama kwenye nyaya, akachanganya bolti za kila sehemu katika kopo moja. Mwaka mmoja baadaye hakumbuki kitu, na gari huuzwa likiwa kwenye maboksi. Nati zilizogandana hulainishwa kwa mafuta ya kupenya, zikikataa hupashwa moto, zikikataa tena hukatwa kwa grainda.

Chasisi ikibaki uchi, swali huwa ni kuchomelea au kubadilisha. Kuchomelea huhitaji kukata hadi kukutana na chuma chenye unene wake halisi, kwa maana kiraka kilichofungwa kwenye kutu huipa kutu mahali pa kujificha. Vishikio vya springi vinapaswa kupimwa kwa mshazari, kona hadi kona, kabla ya kuunganishwa; vikikosewa hata kidogo, gari litavuta upande mmoja maisha yake yote. Vipuri vidogo vya chuma huweza kusafishwa kwa umeme: huzamishwa kwenye maji yenye magadi ya kufulia, huunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri, na kipande cha chuma kisicho na kazi huunganishwa na upande chanya. Baada ya saa kadhaa kutu huwa imelegea na kutoka kwa brashi, na chuma kizima hakiguswi. Njia hii ni ya taratibu na ya bei nafuu, na kwa kipuri ambacho hakipatikani tena ndiyo inayofaa kuliko kusuguliwa kwa grainda. Kazi hiyo hufanyiwa mahali penye hewa, mbali na cheche, kwa kuwa hutoa gesi ya hidrojeni.

Kunyoosha paneli ndiyo sehemu yenye ufundi wa kale zaidi. Alumini ikigongwa hukakamaa, na ikiendelea kugongwa hupasuka. Ili ilainike ni lazima ipashwe moto, lakini haigeuki nyekundu kama chuma: anayesubiri rangi ataiona ikiyeyuka ghafla. Mafundi bodi wa Uingereza walirithishana dawa ya jambo hili, nayo ni kipande cha sabuni. Mstari wa sabuni huchorwa kwenye paneli, moto hupitishwa taratibu upande wa pili, na sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea, joto limetosha. Kisha nyundo ya mbao na mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga hurudisha umbo. Paneli iliyonyooshwa hivi huhifadhi alama za ribiti za mwaka ilipotoka kiwandani, jambo ambalo paneli mpya haiwezi kulitoa, na saa nyingi zinazotumika hapo ni halali yake.

Mafanikio ya ufundi huu yameleta mabishano ambayo hayajaisha. Gari lenye chasisi mpya, ukuta mpya na injini ya kubadilisha bado ni la mwaka 1951? Idara ya usajili ya Uingereza kwa miaka mingi ililijibu swali hilo kwa hesabu: chasisi ilipewa alama 5, springi na mfumo wake 2, ekseli 2, gearboksi 2, usukani 2 na injini 1, na gari lilihitaji alama 8 ili libaki na namba yake ya zamani. Kwa wahifadhi hesabu hiyo haitoshi, na wana hoja. Land Rover yenye namba ya usajili JUE 477, ya kwanza katika mfululizo wa magari ya kuuza, ilikaa miaka mingi shambani huko Northumberland ikidhoofika. Ilipofufuliwa na Julian Shoolheifer mnamo muongo wa 2010, mitambo ilitengenezwa ikatembea, lakini bodi iliachwa na rangi yake iliyopauka na makovu yake. Mwaka 2018 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba italihifadhi kwa mtindo huo huo gari la maonesho ya mwaka 1948, lililokuwa limetelekezwa kwenye bustani karibu na Solihull. Miaka miwili kabla yake ilikuwa imeanza kufufua na kuuza magari 25 ya toleo la kwanza. Kuipaka rangi mpya inayong'aa Land Rover ya mwaka 1948 ambayo bado ina ya kwake ni kupoteza ushahidi usiorudi. Gari la kawaida lililooza, kwa upande mwingine, halipotezi chochote likipewa chasisi ya zinki na kurudi barabarani.

Afrika Mashariki ilipokea magari haya mapema, kupitia serikali za kikoloni, misheni, wasimamizi wa wanyamapori na wakulima. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland Kenya huko Thika kiliunganisha Land Rover kutoka vipande vilivyoletwa na meli. Nchini Tanzania, Land Rover 109, inayoitwa hivyo kwa inchi kati ya ekseli zake, ilibeba abiria, mahindi na wagonjwa katika njia ambazo basi halikuthubutu. Huku hapakuwa na chumvi ya barafu. Katika bara kavu, Dodoma au Isiolo, chasisi huweza kuwa nzima ilhali springi zimevunjika na bodi imepasuka kwa matuta. Katika ukanda wa pwani, upepo wa bahari hufanya kazi ambayo Uingereza hufanywa na chumvi ya barabarani.

Mafundi wa huku hawakungoja vipuri kutoka Birmingham. Walikata mikono ya chasisi kutoka mabati mazito, wakachomelea, na injini za petroli zilipochoka wengine walipachika za dizeli, mara nyingi za Toyota. Utalii nao ulizipa Land Rover ndefu kazi mpya Arusha, zikarefushwa na kufunguliwa paa ili wageni wasimame kutazama wanyama. Oktoba 2024 mji huo ulifanya tamasha la Land Rover lililokusanya mamia ya magari, ya rangi zote na ya matoleo yote, mengi yakiwa bado yanafanya kazi kila siku. Anayetaka kulirudisha moja ya magari hayo katika hali ya kiwandani hukuta kazi iliyo kinyume na ile ya Uingereza: chasisi inaweza kusafishwa, kupakwa rangi na kutumika, lakini kabureta, gearboksi na injini ya asili ndivyo vya kusakwa, gereji hadi gereji.