Utando Tuli

Kromatografia ya gesi hutenganisha vitu vilivyochanganyika kwa kuvipitisha baina ya viwili, kimoja kinatembea na kingine hakitembei. Kinachotembea ni gesi, aghalabu heli au haidrojeni. Kisichotembea, katika mashine nyingi za leo, ni polima iliyopakwa ndani ya mrija mwembamba wa silika wenye urefu wa mita 30 hivi, na unene wa polima yenyewe mara nyingi ni robo tu ya mikromita.

Hicho kisichotembea ukikiita “awamu tuli” utaeleweka na mkemia mwenzako, lakini mwanafunzi atapotea. Awamu kwetu ni zamu na muda: serikali ya awamu ya tatu, mradi wa awamu ya pili. Atatafuta kipindi ambacho mashine imetulia, na kipindi hicho hakipo, maana gesi na polima zimo mrijani pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana napendelea “utando tuli”. Utando hukaa juu ya kitu kingine, kama ule wa maziwa yaliyopoa. Pale ambapo mrija umejazwa chembechembe, kama katika kromatografia ya kimiminika, jina hili litapwaya. Huko awamu na iendelee.

Tuli nayo isisomwe kuwa bwete. Molekuli huzama kwenye utando, huchomoka, huzama tena, na kila izamapo haisogei. Inayopatana zaidi na polima huchelewa zaidi. Basi anayechagua utando anachagua nani atangulie kutoka.

Chukua mafuta ya karafuu. Humo mna eugenoli, ndiyo nyingi kuliko vyote, na kariofilini; vyote huchemka kwenye joto la zaidi kidogo ya nyuzi 250. Kwenye utando wa silikoni, yaani polidimethilisiloksani, mpangilio hufuata zaidi urahisi wa kugeuka mvuke, na eugenoli hutoka kwanza. Weka mrija wenye polietilini glikoli, na zamu hugeuka. Eugenoli ina kundi la haidroksili linaloshikana na oksijeni za glikoli kwa vifungo vya haidrojeni, kwa hiyo hubaki nyuma sana. Kariofilini, ambayo ni kaboni na haidrojeni tupu, haina cha kushikia, hupita.

Kwa sampuli usiyoijua, silikoni yenye asilimia 5 ya fenili ndiyo ya kuanzia. Inastahimili joto la nyuzi 300 na ushei, na haichagui sana. Glikoli ni ya kuitwa kwa sababu maalumu: alkoholi, asidi, manukato. Wengi hupita nyuzi 250 nayo kwa haraka ya kumaliza kazi. Utando humeguka, mstari wa chini kwenye chati ya matokeo hupanda, na vilele vidogo vya vitu vinavyotoka humezwa. Oksijeni ikiingia mrijani huharibu mapema zaidi.

Maabara makini za manukato hutumia mirija yote miwili. Kwenye silikoni ile ya fenili, fahirisi ya kuchelewa ya eugenoli, yaani namba ya kupima inavyochelewa mrijani, ni karibu 1360, kwenye glikoli karibu 2170. Kilele kinachopatana na namba moja tu hakijathibitishwa kuwa eugenoli, hata kikiwa kirefu namna gani.