Tuba ya York na Watoto Wake

Wazee wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Je, ni hivyo pia kwa vyombo vya muziki? Tuchukue mfano wa Marekani. Katika miaka ya 1930 kampuni ya York, mjini Grand Rapids, ilitengeneza tuba mbili kubwa sana. Leopold Stokowski wa Philadelphia alitaka sauti nzito kama ya ogani. Arnold Jacobs alizimiliki, akapiga katika orkesta ya Chicago tangu 1944 hadi 1988, na orkesta ikazinunua.

Hirsbrunner wa Uswisi alizipima, akatengeneza nakala kwa mikono. Nirschl wa Ujerumani na Yamaha ya Japani nao walifuata umbo lile: bomba nene, mdomo mpana, vali tano. Lakini wapigaji wanakuambia kila moja ina sauti yake, kwani bomba likizidi upana kidogo tu, noti inahama.

Hata hivyo fundi anaweza kujisahihisha, sababu mama yao yupo Chicago. Na sisi je? Ngoma nyingi za wazee wetu ziko Tervuren, Ubelgiji. Fundi wa kijijini atapima nini? Basi tupime zile zilizobaki kwetu, mbele mchwa hawajazimaliza.