Zamu ya Usiku kama Hoja: Fani na Siasa katika Msimu wa Kwanza wa Tamthilia ya Casualty (1986)

1.0 Utangulizi

Jumamosi ya tarehe 6 Septemba 1986, BBC ilianza kurusha tamthilia ya Casualty, iliyobuniwa na watunzi wawili, Jeremy Brock na Paul Unwin. Tamthilia hiyo inahusu idara ya majeruhi na dharura katika hospitali ya Holby, mji wa kubuni ulio kusini-magharibi mwa Uingereza. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 15 na ulimalizika Desemba mwaka huohuo. Hapo ndipo ulipoanza mfululizo uliopitiliza miongo mitatu na kuzaa tamthilia nyingine, Holby City, iliyorushwa kuanzia 1999 hadi 2022.

Kazi iliyodumu hivyo huelekea kuhakikiwa kwa jumla jumla, kana kwamba misimu yake yote ni kitu kimoja. Makala hii inautenga msimu wa kwanza na kuusoma peke yake, kwa sababu uliandikwa kama hoja ya kisiasa. Waraka wa pendekezo ambao Brock na Unwin waliuwasilisha BBC ulianza kwa kudai kwamba ndoto ya huduma ya afya ya taifa, iliyozaliwa mwaka 1948, ilikuwa imeraruka kufikia mwaka 1985. Ni nadra tamthilia ya Jumamosi usiku kuombewa fedha kwa maneno makali kiasi hicho.

Uhakiki wetu wa Kiswahili umezoea kuzigawa kazi katika fani na maudhui, kisha kuitafuta siasa kwenye maudhui: nani kasema nini, na dhamira ni ipi. Ninachodai hapa ni kwamba siasa ya msimu huu imo kwenye fani, yaani katika wakati, msuko na uteuzi wa wahusika. Ninadai pia kwamba fani hiyohiyo, iliporudiwa mwaka hadi mwaka, ndiyo iliyokuja kuipunguza makali hoja ya mwanzo.

2.0 Muktadha: Huduma ya Afya chini ya Serikali ya Thatcher

Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, maarufu kama NHS, ilianza rasmi tarehe 5 Julai 1948 chini ya Waziri Aneurin Bevan. Msingi wake ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kutekeleza: gharama zitoke kwenye kodi, na mgonjwa atibiwe bila kudaiwa chochote anapofika. Msingi huo ulianza kumeguka mapema, kwani kufikia mwaka 1952 wagonjwa walikuwa wanachangia miwani, meno ya bandia na dawa. Hata hivyo, hakuna chama kikubwa kilichothubutu kuung'oa.

Margaret Thatcher aliingia madarakani mwaka 1979, na katika mkutano wa chama chake cha Conservative mwaka 1982 aliwahakikishia wananchi kwamba NHS ilikuwa salama mikononi mwao. Mwaka uliofuata serikali yake ilimwita Roy Griffiths, mkurugenzi katika kampuni ya maduka ya Sainsbury's, aichunguze namna hospitali zinavyoendeshwa. Griffiths aliandika kwamba Florence Nightingale, kama angekuwa anapita na taa yake kwenye korido za hospitali za siku hizo, bila shaka angekuwa anawatafuta wenye mamlaka. Kejeli hiyo ilizaa cheo kipya, meneja mkuu, na maamuzi yaliyokuwa yakifikiwa kwa makubaliano ya madaktari, wauguzi na watawala yakawekwa chini ya mtu mmoja mwenye bajeti mkononi. Mwaka huohuo wa 1983 mamlaka za afya ziliagizwa kuzitangazia zabuni kazi za usafi, upishi na ufuaji.

Serikali ilikuwa na utetezi, na haukuwa wa kubeza. Matumizi ya NHS yalikuwa yanapanda hata ukiondoa mfumuko wa bei, na wagonjwa waliotibiwa waliongezeka. Wakosoaji walijibu kwamba wazee wameongezeka, tiba zimekuwa ghali, na mahitaji yanakua haraka kuliko fungu. Mjadala ukawa wa wahasibu, kila upande ukiwa na jedwali lake. Tatizo la majedwali hayo ni kwamba hayana safu ya kuandikia muda ambao mtu mwenye mkono uliovunjika hukaa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Casualty iliingia kwenye pengo hilo.

3.0 Uchambuzi wa Fani

3.1 Wakati

Wahusika wakuu wa msimu wa kwanza hufanya kazi zamu ya usiku. Daktari bingwa Ewart Plimmer, aliyeigizwa na Bernard Gallagher, ndiye mlezi wa zamu hiyo, naye hulazimika kuitetea mbele ya utawala unaohoji gharama zake. Kwa uamuzi huo mmoja watunzi walipata mambo mawili.

Kwanza, usiku unaonyesha kilichofungwa. Zahanati ya daktari wa mtaa imefungwa, ofisi ya ustawi wa jamii imefungwa, na aliyelewa hana pa kwenda. Anayefika Holby saa nane za usiku hakuja kwa sababu ya jeraha lake tu. Amekuja kwa kuwa huo ndio mlango pekee ulio wazi. Mke aliyepigwa, kijana asiye na makazi na mzee anayeishi peke yake wanakaa benchi moja na majeruhi wa barabarani, na mtazamaji anatambua bila kuambiwa kwamba idara hii inabeba mizigo iliyotuliwa na taasisi nyingine.

Pili, bajeti inageuka taharuki. Katika tamthilia nyingi za hospitali swali linalomshika mtazamaji ni kama mgonjwa atapona. Hapa swali hilo limewekwa ndani ya lingine kubwa zaidi: je, zamu yenyewe itaendelea kuwapo? Suala kavu la mgawanyo wa fedha, ambalo lingemfanya mtazamaji azime televisheni likisomwa kwenye taarifa ya habari, linamfanya arudi Jumamosi ijayo.

3.2 Msuko wa ajali

Sehemu ya kwanza inaitwa “Gas”. Sumu inavuja bandarini, na wafanyakazi waliovuta hewa yake wanaanza kumiminika idarani. Mkasa huo wa ufunguzi haukuteuliwa ovyo. Ugonjwa wa watu hawa haukuanzia kitandani wala mwilini mwao. Umeanzia kazini, kwenye shehena ambayo mtu fulani aliihifadhi na mwingine akapaswa kuikagua. Kabla ya daktari kutaja tiba, hadithi imeshataja chanzo.

Msuko wa aina hii ukaja kuwa alama ya tamthilia. Tunaonyeshwa watu wakiendelea na shughuli zao: fundi yuko juu ya ngazi, mama yuko jikoni na sufuria inachemka, dereva anapiga miayo. Tunajua kwamba mmoja wao ataishia kwenye machela, lakini hatujui ni yupi. Hii ni kinaya ya kidrama katika umbo lake la kawaida, ila ina matokeo yanayozidi msisimko. Mtazamaji anafunzwa kuikagua nyumba, mashine na barabara kwa jicho la kutafuta kosa. Akishazoea, hawezi tena kuamini kirahisi kwamba ajali ni bahati mbaya tu, kwa kuwa ameiona ikiandaliwa hatua kwa hatua.

Ulinganisho na kazi zilizotangulia unaweka wazi tofauti hiyo. Emergency – Ward 10 ya ITV (1957–1967) iliijenga hospitali kuwa mahali pa kuaminiwa, huku daktari akiwa nguzo yake. Angels ya BBC (1975–1983) ilisogea karibu na maisha ya wauguzi wanafunzi na taabu zao. Casualty ilichukua uhalisi wa Angels na kuongeza swali ambalo watangulizi wake hawakulifanya kiini: nani anawajibika?

3.3 Ngazi za wahusika

Mhimili wa idara si daktari bingwa. Ni muuguzi wa kiume, Charlie Fairhead, aliyeigizwa na Derek Thompson. Mfano wake ulichukuliwa kwa Pete Salt, muuguzi wa Bristol, mji ambako picha za nje za tamthilia zilipigwa, naye baadaye akawa mshauri wa kitabibu wa tamthilia hiyo. Kumweka muuguzi katikati kunabadilisha kinachoonekana. Daktari huja, huamua, huondoka. Muuguzi hubaki na mgonjwa, jamaa zake na uhaba wa vitanda. Jicho la hadithi likiwa kwake, linabaki palipo na kungoja.

Tazama pia waliomzunguka. Megan Roach, aliyeigizwa na Brenda Fricker, ni Mwairishi mwenye daraja la muuguzi msajiliwa wa ngazi ya pili, lililopatikana kwa mafunzo ya miaka miwili na lililokuwa na nafasi finyu mno ya kupanda cheo. Wanawake wengi kutoka Karibiani na Ireland waliokwenda Uingereza kuiendesha NHS walielekezwa kwenye daraja hilo. Clive King, aliyeigizwa na George Harris, ni muuguzi mweusi mzoefu anayesumbuliwa na pombe. Kuba, mbeba wagonjwa, ni Mpolandi. Lisa Duffin, ambaye wenzake humwita Duffy, anabakwa akiwa njiani kwenda kazini, na hadithi inaonyesha kwamba anayewahudumia waathirika anaweza kuwa mmoja wao kabla zamu haijaanza.

Hakuna mhusika anayesimama kuhutubia kuhusu uhamiaji. Orodha ya zamu yenyewe inatoa taarifa: huduma ambayo Waingereza huiita fahari yao ya kitaifa inasukumwa na mikono ya wageni. Taarifa hiyo haijazeeka. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya kuajiriwa huko, na msomaji wa Afrika Mashariki mwenye ndugu kwenye wodi za Uingereza atamtambua Megan mara moja, ingawa lafudhi ni nyingine.

4.0 Mapokezi na Pingamizi

Waliolengwa walisikia. Wanasiasa wa chama tawala walilalamika kwamba tamthilia inaeneza siasa za upinzani, na malalamiko hayo yaliifikia BBC iliyokuwa imebanwa. Mwaka huohuo wa 1986 mwenyekiti wa Conservative, Norman Tebbit, aliishambulia hadharani kwa namna ilivyotangaza habari za Marekani kuishambulia Libya, na Januari 1987 mkurugenzi wake mkuu, Alasdair Milne, alilazimishwa kujiuzulu. Katika hali hiyo, kuagiza msimu wa pili hakukuwa jambo dogo. Wapo pia wauguzi waliokerwa kuona wenzao wakionyeshwa wakinywa na kuvuta sigara.

Pingamizi la kwanza la kitaaluma linahusu ukweli. Inasemwa kwamba tamthilia hukusanya katika usiku mmoja misiba ambayo idara halisi huipata kwa muda mrefu zaidi, na hivyo humpotosha mtazamaji. Hilo ni kweli, lakini haliigusi hoja yangu. Ukolezaji ni haki ya sanaa, na kilichobishaniwa mwaka 1986 hakikuwa idadi ya majeruhi bali uwezo wa kuwapokea.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa Keith Hawton na wenzake kuhusu sehemu moja ya Casualty ya mwaka 1996 iliyoonyesha mhusika akijidhuru kwa dawa. Watafiti waliona kwamba wagonjwa wa aina hiyo waliofika kwenye idara za dharura walizidi kwa asilimia 17 katika wiki iliyofuata, na kwa asilimia 9 katika wiki ya pili. Matokeo hayo yanavunja dhana ya kwamba tamthilia ni kioo tu. Inaweza kuiongezea kazi idara ileile inayodai kuitetea. Anayetaka kuisifu Casualty kwa nguvu yake ya kisiasa hana budi kuukubali na upande huu: nguvu haichagui itumike kwa lipi.

5.0 Udumifu na Kufifia kwa Hoja

Historia iliipa tamthilia ushahidi haraka. Katika majira ya baridi ya 1987–1988 vitanda vilifungwa, upasuaji ukaahirishwa, na marais wa vyuo vitatu vya kifalme vya madaktari wakatoa tamko la pamoja la tahadhari. Januari 1988 Thatcher alitangaza mapitio ya NHS, na mapitio hayo yakaishia kwenye sheria ya mwaka 1990 iliyoleta soko la ndani, hospitali zikiuza huduma na mamlaka za afya zikinunua. Ugonjwa ambao Brock na Unwin waliulalamikia ulipewa tiba ambayo wao hawakuiomba.

Tamthilia iliendelea, na hapo ndipo tatizo la fani linapojitokeza. Katika msimu wa kwanza tishio la kufungwa kwa zamu lilikuwa na uzito kwa kuwa hakuna aliyejua kama tamthilia yenyewe ingerudi. Hadithi na uzalishaji vilikuwa katika hatari moja. Msimu wa saba, Februari 1993, ulimalizika kwa wahuni kuiteketeza idara yote, na msimu uliofuata ukafunguliwa kama kawaida. Mfululizo unahitaji tishio ili uwe na msisimko, na unahitaji tishio lisitimie ili uwe na mwaka kesho. Mtazamaji aliyeizoea kanuni hiyo haogopi tena. Anajua idara haitafungwa, kwa sababu ratiba ya televisheni inaihitaji.

Ndivyo lawama ilivyogeuka kuwa sifa. Charlie Fairhead alibaki Holby hadi mwaka 2024, na muda ulivyosogea akawa ishara ya ustahimilivu: misimu inapita, mawaziri wanabadilika, yeye yupo. Mvumilivu hula mbivu, husema wahenga, lakini methali hiyo ikikabidhiwa kwa mwajiri huwa na hila. Mfumo unaoegemea subira ya wauguzi wake hauna haraka ya kujirekebisha, na tamthilia inayoitukuza subira hiyo kila wiki inaupa mfumo sababu ya kungoja. Waandishi wa misimu ya baadaye hawakuacha kuigusa siasa. Mara nyingi waliigusa waziwazi kuliko waanzilishi. Kilichopungua ni uwezo wa msuko wenyewe kuifanya siasa hiyo iume.

6.0 Hitimisho

Msimu wa kwanza wa Casualty ulifanya kile ambacho majedwali ya bajeti hayakuweza: uliupa muda wa kungoja uzito wa ushahidi. Ulifanya hivyo kwa kuchagua usiku, kwa kuisuka ajali kuanzia chanzo chake, na kwa kumkabidhi muuguzi hadithi. Lakini fani hailindi maana yake milele. Msuko uliokuwa shutuma mwaka 1986 ulikuja kuwa faraja, ingawa kwa macho haukubadilika sana. Mhakiki anayeshughulikia tamthilia ndefu hana budi basi kuuchukua msimu mmoja mmoja kama kazi yenye tarehe yake, auweke kando ya bajeti, sheria na migogoro ya mwaka huo, na aulize swali ambalo mtazamaji wa Septemba 1986 alikuwa nalo kwa dhati: je, hiki ninachokitazama kinaweza kweli kufungwa? Pale ambapo jibu limekuwa “hapana” kabla sehemu haijaanza, hoja ya kisiasa imeshapoteza msingi wake, hata kama kila mhusika anaitamka kwa sauti.