Kungoja Simu Si Kupumzika: Historia ya Rubani wa Akiba

Katika kila shirika kubwa la ndege nchini Marekani wapo marubani ambao ratiba yao ya mwezi haina safari hata moja. Hao ni marubani wa akiba, na kazi yao ni kupatikana. Mwenzao akiugua, ndege ikiharibika, au theluji ikivuruga mambo Chicago, ofisi ya kupanga zamu humtafuta mmoja wao na kumkabidhi safari ambayo saa chache kabla hakuwa na habari nayo. Namna wanavyotafutwa husimuliwa kama historia ya vifaa, kuanzia simu ya mezani mpaka programu ya simu ya mkononi, na kila kifaa kipya husifiwa kwamba kimemwongezea rubani uhuru. Simulizi hiyo inapotosha. Kilichogombewa miaka yote hiyo ni saa: simu ina haki ya kulia saa zipi, na muda ambao mtu anaisubiri uandikwe wapi, kwenye hesabu ya kazi au ya mapumziko.

Utaratibu wenyewe haukubuniwa na watu wa ndege. Reli za Marekani za karne ya 19 ziliajiri vijana wa kuzunguka usiku wakigonga milango ya nyumba na mabweni walikolala madereva wa treni na wachochea makaa. Aliyeamshwa alitia saini kitabuni, ili kesho asije akasema hakuambiwa. Simu ilipoenea ilichukua nafasi ya yule kijana, lakini kitabu kilibaki, kwa sura nyingine. Leo mpangaji zamu akimpigia rubani wa akiba humsomea namba ya safari, aina ya ndege, saa ya kuripoti na mji atakaolala. Rubani hukiri kwamba amesikia, mazungumzo hurekodiwa, na dakika ya kukiri huingizwa kwenye kompyuta. Dakika hiyo ina uzito, kwa sababu kuanzia hapo akichelewa uwanjani kosa ni lake. Kabla yake, kosa la ndege kukosa rubani ni la kampuni. Ndiyo maana mikataba ya hali bora hueleza kwa urefu rubani apigiwe kwa namba ipi, apewe dakika ngapi za kujibu, na awe amefika uwanjani ndani ya saa ngapi.

Swali la hadhi ya mtu anayengoja lilifika Mahakama Kuu ya Marekani kupitia mlango ambao haukuwa na ndege kabisa. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1944, wafanyakazi saba wa kiwanda cha nyama cha Swift mjini Fort Worth, Texas, walidai malipo ya usiku waliokaa kiwandani wakisubiri king'ora cha moto. Walikuwa na vitanda, redio, meza ya biliadi na meza ya dhumna, na king'ora kililia kwa nadra. Mahakama haikusema kwamba kila kungoja ni kazi. Ilisema hakuna kanuni ya sheria inayozuia kungoja kuwa kazi, na kwamba jibu linategemea hali halisi ya anayengoja. Marubani walihitaji zaidi ya nusu karne ili hoja ya aina hiyo iwafae, tena kwao hoja ilikuwa nzito kuliko malipo. Zimamoto aliyechoka anahatarisha kiwanda. Rubani aliyechoka amebeba watu.

Enzi za simu ya mezani, rubani wa akiba alifungwa na urefu wa waya. Mashine za kupokea ujumbe zilipoingia majumbani, kisha peja kiunoni, kisha simu ya mkononi, aliweza kwenda sokoni, kanisani, hata mpirani mtoto anapocheza. Anayesema hayo yalikuwa maendeleo anasema kweli, na mke au mume wa rubani wa miaka ya 1960 angemuunga mkono bila kusita. Lakini kamba ikirefushwa haijakatwa. Mtu aliyekuwa na udhuru wa kutosikia simu kwa kuwa yuko bustanini sasa hana udhuru wowote, popote alipo, saa yoyote. Kifaa kilichomtoa nyumbani ndicho kilichomfuata hadi kitandani. Sheria nayo ilikuwa imekaa kimya. Kanuni za mapumziko zilizorekebishwa mwaka 1985 zilitaja saa za kuruka na saa za kupumzika, bila neno juu ya mtu ambaye haruki na hapumziki. Kampuni ziliuziba mwanya huo kwa tafsiri iliyozifaa: asiyeitwa amepumzika.

Ubaya wa tafsiri hiyo unahitaji mfano mmoja. Asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1993, wafanyakazi watatu wa ndege ya mizigo aina ya DC-8 walitua Atlanta baada ya kuruka usiku. Badala ya kwenda kulala wakapangiwa safari nyingine, kuchukua mzigo Norfolk na kuupeleka kambi ya jeshi la Marekani ya Guantanamo Bay, Cuba. Jioni hiyo kapteni alikuwa macho kwa zaidi ya saa 23. Wakati wa kutua alikazania kutafuta taa inayoonyesha mpaka wa anga la Cuba, taa ambayo kumbe siku hiyo haikuwaka, huku mwendo wa ndege ukishuka na wenzake wakimwonya. Ndege ilianguka karibu na mwanzo wa barabara ya kutulia. Wote watatu walinusurika wakiwa na majeraha mabaya. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, NTSB, kwa mara ya kwanza iliutaja uchovu kuwa sababu ya ajali ya ndege. Watatu hao hawakuwa wa akiba kwa maana kamili ya neno, lakini kilichowapata ndicho kiini cha suala la akiba: habari ya safari ilimfikia mtu bila yeyote kuuliza ameamka tangu lini.

Desemba 1995 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilipendekeza kanuni mpya zilizogusa pia marubani wa akiba. Kampuni zilipinga, rasimu ikawekwa kabatini, na mwaka 2009 ikaondolewa rasmi. Lakini wanasheria wa FAA walikuwa wameshapita njia ya pembeni. Katika tafsiri zao walishikilia kwamba mapumziko lazima yajulikane mapema, yasikatizwe, na yamwache mtu bila wajibu wowote wa kazi iwapo itatokea. Kwa kipimo hicho, aliyelazimika kupokea simu hakuwa amepumzika, hata kama simu haikulia. Juni 1999 FAA ilitangaza kwamba itawachukulia hatua wanaokiuka, na barua ya Novemba 2000 ikakaza hesabu: rubani yeyote, wa akiba au wa ratiba, ukitazama nyuma saa 24 kutoka mwisho wa safari yake uone angalau saa 8 za mapumziko. Mashirika yalikwenda mahakamani, yakashindwa mwaka 2002. Nasisitiza mfuatano huu kwa kuwa kila mtu huanza hadithi na ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, tarehe 12 Februari 2009, iliyoua watu 50. Ajali ile ililisukuma Bunge la Marekani, ni kweli, lakini wazo lenyewe lilikuwa limeshapiganiwa miaka kumi kwa barua na kesi zisizotangazwa na televisheni.

Kanuni zilizozaliwa, sehemu ya 117, zilianza kutumika Januari 2014. Zinagawa akiba katika makundi. Anayesubiri uwanjani yuko kazini, basi. Anayesubiri nyumbani kwa wito wa karibu hapaswi kuwekwa tayari zaidi ya saa 14 mfululizo, na kabla yake apate saa 10 za mapumziko zenye nafasi ya kulala saa 8. Akiitwa kwenye safari ya wafanyakazi wa kawaida, saa za kungoja na za kazi kwa pamoja hazivuki 16, na mara nyingine huwa pungufu ya hapo. Anayeitwa kwa notisi ndefu huambiwa kwanza, kisha hupewa mapumziko kamili kabla ya kuripoti. Kwa mara ya kwanza, saa inahesabiwa tangu simu inaporuhusiwa kulia. Ulaya, iliyoanza kutumia kanuni zake Februari 2016, inahesabu kwa njia nyingine: saa 6 za mwanzo za kungoja nyumbani hazipunguzi muda wa kazi, zinazozidi hukatwa, na anayengoja usiku kati ya saa 5 na saa 1 asubuhi haanzi kuhesabiwa mpaka apigiwe. Naona mpango huo unakiri jambo ambalo Wamarekani wamelikwepa, kwamba mtu hulala hata akiwa na simu kando, ila hulala vibaya.

Kampuni zina jibu, na si la kupuuzwa. Rubani wa akiba hulipwa kiwango cha chini cha mwezi, sawa na saa 70 na ushei za kuruka, hata asiporuka. Kwa nini basi kungoja kwake kutazamwe kama mzigo? Tena wapo wanaoishi miji ya mbali, wakasafiri usiku kucha hadi kituo chao cha kazi na kufika wamechoka kwa hiari yao. Rubani msaidizi wa Colgan alitoka Seattle usiku wa kuamkia siku ya ajali, na NTSB ilisema uchovu huenda ulichangia bila kuweza kupima kiasi gani. Hoja ya kwanza inachanganya fedha na usingizi: mshahara hauongezi saa ya kulala. Ya pili ina ukweli, ila inasahau kwamba wa akiba kwa kawaida ni wageni kazini wenye mishahara midogo, na vituo vingi viko miji ghali. Ndiyo maana mtaa wa Kew Gardens, Queens, ulio kati ya viwanja viwili vya New York, ulijaa vyumba ambamo marubani na wahudumu hulala kwa kupokezana.

Desemba 2022 shirika la ndege la Southwest lilifuta safari zaidi ya 16,700 baada ya dhoruba, na marubani waliokuwa tayari kuruka walikaa kwenye simu kwa saa nyingi wakijaribu kuiambia ofisi wako wapi. Mwaka mmoja baadaye wizara ya usafirishaji ililitoza adhabu ya dola milioni 140. Tangu hapo hoja ya kuhamishia kila kitu kwenye programu imepata nguvu, na ni sahihi kwa dhoruba. Kwa siku ya kawaida inaleta ugomvi mpya mezani: je, safari iliyowekwa kwenye skrini imeshamfikia rubani, au mpaka aifungue? Wanaotaka jibu la kwanza wanamtaka rubani aichungulie simu yake kila baada ya muda, pamoja na saa zinazoitwa za mapumziko. Kwa tafsiri ya FAA yenyewe, simu moja ya kampuni asiyolazimika kuipokea haivunji mapumziko. Skrini anayolazimika kuitazama inayavunja, hata isipotoa mlio.